Kamba ya Nguo ya Oluoch

Bibi Koku alilizunguka tangi la maji la mwanawe siku kumi na nane kabla kuku hawajaanza kumfuata. Kwanza alikuwa jogoo peke yake, akitembea nyuma yake kwa maringo kama karani wa serikali. Kesho yake jogoo alileta wake zake wawili. Siku ya ishirini na moja Bibi Koku aligeuka akaona msafara mzima, kuku saba kwa mstari, nao wanalizunguka tangi kama watu waliokwenda kuposa. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka leso ikalowa machozi. Alipomaliza kucheka akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia, "Sasa basi."

Jina lake kamili lilikuwa Kokushubila, na alikuwa ametoka Bukoba miezi miwili tu iliyopita. Mumewe alikuwa amefariki, miguu yake ikaanza kuvimba, na mwanawe Callistus, ambaye kazi yake ni kushughulikia karatasi za mizigo pale mpakani Malaba, alikwenda kumchukua akae naye na mkewe Amuge. Nyumba yao iko nje kidogo ya mji, kando ya barabara kuu, upande wa kuelekea Amagoro. Bibi Koku aliingia nyumba hiyo ameshika ukuta. Daktari wa zahanati alimpima sukari, akamtazama miguu, akamwambia dawa zake ni tatu: vidonge, kupunguza wali, na kutembea kila asubuhi mpaka jasho litoke.

"Tembea nje, mama, penye upepo na watu," daktari alisema. "Ukijifungia ndani, miguu itasahau kazi."

Callistus alilisikia lile la kutembea. Lile la nje hakulisikia.

"Mama, Malaba si Bukoba," alisema. "Hapa kuna foleni ya malori isiyo na kichwa wala mkia. Kuna bodaboda ambao hata breki hawazijui. Kuna wezi wa simu. Huna unayemjua, hujui njia. Zunguka tangi. Tangi halijawahi kumgonga mtu."

Bibi Koku alikuwa mtu wa subira, na alijua kwamba hofu ya Callistus ni upendo uliovaa koti zito. Kwa hiyo alizunguka. Lakini usiku ule wa siku ya kuku, wakati wa chakula, aliweka kijiko chini akasimulia habari za msafara, na Amuge akapaliwa na mboga kwa kicheko. Amuge ni binti wa Kiteso kutoka Angurai, na kwa kawaida hucheka kwanza ndipo aseme.

"Baba," alimwambia mumewe alipopata pumzi, "wewe unataka mama apone ama unataka kuku wapone?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Callistus alikubali siku saba za majaribio. Siku saba mama atoke nje ya geti, atembee kando ya barabara. Zikipita salama, basi, njia ni yake. Likitokea jambo lolote, hata dogo kama punje ya ulezi, atarudi kwenye tangi, na habari za geti zisitajwe tena ndani ya nyumba hiyo.

"Lolote?" akauliza Bibi Koku.

"Lolote, mama."

Amuge akachana karatasi kwenye daftari, akaandika masharti. Mama atembee kwenye njia ya mchanga, kati ya malori na vibanda, asikanyage lami kamwe. Avae jaketi la manjano lenye mistari inayong'aa, lile la binamu yake Amuge, Olinga, wa bodaboda. Abebe maji. Simu ikae ndani ya nguo, si mkononi. Kwenye njia panda asivuke mpaka asikie ameambiwa vuka. Chini akaandika namba yake ya simu, akaitia karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, akamvika mama shingoni kama skapulari.

"Na mwisho wake wapi?" akauliza Bibi Koku, maana alipenda kujua safari inakoishia.

Callistus akafikiri. "Kuna lori la Mjaluo mmoja, lenye kamba ya nguo nyuma. Lile. Uliguse, ugeuke. Usiishie kabla ya hapo, usizidi hapo."

"Nimekubali," akasema Bibi Koku. Na huyu hakuwa mtu wa kukubali jambo nusunusu.

Tuseme ukweli, hakuna aliyeona kosa katika mpango huo. Lori la Mjaluo huyo, Oluoch, lilikuwa limesimama pale siku kumi na moja, likiwa na shehena ya saruji, likisubiri foleni ifunguke. Oluoch alikuwa amefunga kamba kwenye komeo za milango ya nyuma, na kila siku alianika nguo zake: jezi nyekundu, taulo mbili za kijani, na ovaroli ya bluu. Chini ya trela alikuwa na jiko, sufuria, na mkeka. Wauza mayai walikuwa wakielekezana, "Pita kwa Oluoch, kisha kata kushoto." Mahali penye kamba ya nguo na jiko ni nyumbani kwa mtu. Nani angekumbuka kwamba nyumba hiyo ina magurudumu ishirini na mawili?

Siku ya kwanza safari ya robo saa ilimchukua saa mbili. Sababu ilikuwa salamu. Bukoba humpiti mtu kimya, na kutoka geti la Callistus mpaka kwa Oluoch kulikuwa na malori thelathini na manne, na kila lori lilikuwa na mtu. Bibi Koku alisimama kwa kila mmoja. Vijana hao hawakujua kumwamkia shikamoo. Walisema, "Sema, shosho!" na "Niaje, mathe!" yaani bibi na mama kwa lugha ya mjini, lakini walisema wakiwa wamevua kofia, naye akaipokea kofia badala ya shikamoo, akaitikia, "Marahaba, baba, marahaba." Kwenye mfuko wa gauni alikuwa na kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri zikakaushwa, kama wanavyomkaribisha mgeni kwao. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni hapo, lakini aliona si vibaya kuanza. Akampa kila dereva punje mbili.

"Hii ni nini, mathe? Si utatulewesha?"

"Tafuna tu, baba. Ukiwa na usingizi utaisahau njia ya kwenu."

Akina mama wa Kiteso waliouza nyanya kando ya njia walimwita Tata, yaani nyanya wa mtu, bibi. Akawaambia kwamba kwa Kihaya Tata ni baba. Walicheka wakashikana mabega, na tangu hapo kila asubuhi walimwamkia kwa sauti nzito, "Baba, umelalaje?"

Penye njia panda palikuwa na kibanda cha Syprose, muuza chai na mandazi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusimamisha gari moshi. Bibi Koku alifika ukingoni akasimama, kama karatasi ilivyosema. Akasubiri kuambiwa vuka. Akasubiri sana. Bodaboda zilipita kama nzige. Syprose alipotambua kwamba bibi huyu atasimama hapo mpaka Krismasi, alitoka na upawa wake, akauinua katikati ya njia.

"Simama wewe! Na wewe wa kofia nyekundu, simama! Mnaharakisha kwenda wapi na mnajua nyinyi wenyewe hamna abiria? Mama, vuka."

Kuanzia siku hiyo upawa wa Syprose ukawa sheria. Bodaboda walipoliona jaketi la manjano kwa mbali walianza kupunguza mwendo wenyewe, kabla chai ya upawa haijawarukia.

Naye Oluoch, dereva mrefu mwenye pengo la meno linalomfanya atabasamu hata akikasirika, alimwekea kigoda nyuma ya trela. "Karibu kwangu, mathe," alimwambia. Bibi Koku aliketi, akanywa maji, akagusa mlango wa lori kwa kiganja, pa! kama mtu anayepiga muhuri, akageuka kurudi. Siku ya pili saa mbili zikawa moja na nusu. Siku ya nne aliacha kushika kuta na nguzo. Siku ya sita alishuka ngazi za nyumbani bila kuzitazama, akagundua alipofika chini, akapanda tena ili ashuke mara ya pili kwa raha zake.

Ikaja siku ya saba.

Asubuhi hiyo hewa ilikuwa safi, mvua ilikuwa imenyesha usiku na vumbi limelala. Bibi Koku alitoka getini saa moja na nusu. Leo tu, alijiambia. Niguse leo tu, na njia ni yangu. Alikuwa amefika lori la ishirini hivi alipoanza kusikia injini zikiwaka, moja baada ya nyingine, kutoka mbele kuja nyuma, kama mbwa wa kijiji wanavyojibizana. Hakujali. Madereva huwasha injini wanapotaka kuchaji simu. Akainua macho, akaiona jezi nyekundu kule mbele, mahali pake, ikipungapunga. Vizuri.

Akaenda. Akatazama tena. Jezi ilikuwa umbali ule ule.

"Ee," akasema. Miguu imeanza kunirudisha nyuma, akawaza.

Jambo hilo lilimtia hofu kuliko bodaboda wote wa Malaba. Leo, siku ya saba, miguu imlegee! Akakaza mwendo. Jezi ikabaki kule kule. Akakunja gauni kidogo kwa mkono wa kushoto, akakaza zaidi. Upande wake wa kulia malori yalikuwa yakisogea polepole kuelekea alikokuwa akielekea, lakini mtu anayekwenda sambamba na ukuta unaokwenda hawezi kujua kama ni yeye au ni ukuta. Alijua tu kwamba lori moja la bluu lilikuwa ubavuni mwake muda mrefu sana, na dereva wake alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Shosho! Leo ni mbio?"

"Nimechelewa, baba!"

"Kwani unaenda wapi?"

"Kwa Oluoch!"

Dereva akacheka, akapiga honi mara mbili, na wa mbele yake akapiga, na wa mbele ya huyo. Bibi Koku akaona wanampa moyo. Akafikiri, watu wa hapa ni wema jamani, mtu akilegea wanampigia honi.

Kwenye njia panda alisimama, maana sharti ni sharti. Syprose alikuwa amekwishainua upawa.

"Vuka, mama! Lakini ngoja, unaenda..."

"Asante, mama, nitarudi sasa hivi!" Na alikwisha kupita.

Syprose akaangalia mgongo wa manjano ukiondoka, akaangalia mahali ambapo lori la Oluoch huwa, ambapo sasa palikuwa na kigoda peke yake katika tope. Akaangua kicheko kilichomwaga chai ya mteja, kisha akatafuta simu kwenye aproni.

Bibi Koku hakukiona kigoda. Macho yake yalikuwa kwenye jezi. Alipita duka la spea, akapita nyumba za kulala wageni zenye mashuka kwenye madirisha, akapita wauza maji na wauza miwa ambao hakuwahi kuwaona, akawaamkia wote bila kusimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Hamjambo, hamjambo, mnisamehe, nina haraka!" Jasho lilikuwa likimtiririka puani. Moyo ulikuwa ukigonga, lakini si ule mpigo wa ugonjwa. Ulikuwa ule wa zamani, wa msichana anayekimbilia senene, wale panzi wa kuliwa, awaokote kabla ya wenzake. Alishangaa kuukuta bado upo. Akaanza kucheka huku anatembea, peke yake, na kwa kuwa kicheko kinaambukiza, wauza miwa nao wakacheka bila kujua sababu, na mmoja akamkimbilia akamtia kipande cha muwa mkononi kama wanavyowapa wakimbiaji maji.

"Sukari, mwanangu! Daktari amenikataza!"

"Basi shika kama fimbo, mama!"

Akashika kama fimbo.

Mwishowe jezi ilisimama. Bibi Koku akaona inakuja karibu, karibu, taulo, ovaroli, komeo. Akaongeza hatua za mwisho, akanyoosha mkono, pa! kwenye mlango.

"Nimefika!" akapaza sauti. Akavuta pumzi mara tatu, na kwa vile alikuwa mtu wa ahadi, akageuka hapo hapo kurudi nyumbani.

Mbele yake alisimama mlinzi aliyevaa sare, kijana mwenye uso mpole na kalamu sikioni.

"Mama, habari yako. Unaelekea wapi?"

"Narudi nyumbani, baba."

"Umetoka wapi?"

"Nyumbani."

Mlinzi akakuna kichwa. "Na hapa ulikuja kufanya nini?"

"Kugusa kamba ya nguo."

Kijana akalitazama lori, akazitazama taulo, akamtazama bibi mwenye jaketi la bodaboda na muwa mkononi. "Mama, unajua uko wapi? Hiki ni kizuizi cha mpaka. Daraja lile pale, na ng'ambo ya daraja ni Uganda."

Bibi Koku akageuza kichwa polepole. Akaona kizuizi cha mistari. Akaona daraja. Akaona umati wa watu wenye mizigo vichwani, na baiskeli, na bendera ambayo haikuwa ya Tanzania wala ya Kenya. Alielewa yote kwa mara moja: kwamba nyumba imehama, kwamba ameifuata, na kwamba siku ya saba imeharibika. Akaliona tangi. Akaona kuku wamejipanga wanamsubiri.

Mlinzi aliona uso wake ukibadilika. Hakuuliza tena. Alimletea kiti chake mwenyewe kutoka kibandani, akakifuta kwa kiganja, akasimama kwa upande ambao jua linatoka ili kivuli chake kimwangukie mama. Bibi Koku aliliona hilo. Kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, akampa punje mbili za kahawa.

Oluoch akaruka chini kutoka kwenye kabini. "Mathe! Ni wewe? Nilikuwa naona kitu cha njano kwa kioo nikafikiri ni trafiki ananikimbiza! Umenifuata kutoka kule kote?"

"Wewe ndiye umehama bila kuaga!"

"Mimi ni dereva, mathe! Kazi yangu ni kuhama!"

"Na hizi nguo?"

Oluoch akaziona nguo zake, zimetembea Malaba nzima kama bendera, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wueh! Hata ile ovaroli yenye tundu? Mji wote umeona?"

"Mama!"

Sauti hiyo Bibi Koku aliijua. Ofisi ya Callistus ilikuwa hatua hamsini kutoka pale, na dirisha lake lilitazama kizuizi. Alikuja akikimbia, tai imerukia begani, faili bado mkononi, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Shikamoo, mama. Umeumia? Nani amekuleta? Umepanda nini?"

"Marahaba. Nimepanda miguu."

"Kilomita tatu?" Rangi ilipomrudia usoni, hasira ilikuja nayo. "Mama, nilisema lolote likitokea! Nilisema! Karibu uingie nchi ya watu bila kitambulisho! Sasa nikwambie nini?"

Bibi Koku hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, mwanangu. Ulisema niliguse lori la Oluoch, nisiishie kabla ya hapo, nisizidi hapo. Nimeligusa."

Mlinzi akakohoa. Oluoch akamgeukia Callistus taratibu, pengo la meno likianza kuonekana.

"Boss, ni wewe ulichagua lori langu? Wewe, mtu wa karatasi za malori?"

"Lilikuwa limekaa siku kumi na moja," akasema Callistus, na hata masikioni mwake maneno hayo hayakusikika vizuri.

"Na alitembea kwenye mchanga," ikasema sauti nyingine. "Hakukanyaga lami hata mara moja. Njia panda alisimama."

Wote wakageuka. Alikuwa Amuge, ameshika viatu mkononi, miguu imejaa tope, kifua kinapanda na kushuka.

"Syprose alinipigia simu mama alipopita kwake," alisema. "Nimekuja mbio nikamfikia pale kwa spea. Tangu pale niko nyuma yake, hatua kumi. Nilitaka kuita. Mdomo nilifungua." Akamtazama mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alisema bila kucheka kwanza. "Lakini, mama, nilikuona vile unatembea. Ulikuwa unacheka peke yako. Mtu aliyeingia kwangu ameshika ukuta! Nikasema, Amuge, nyamaza, linda tu, usimkatize."

Callistus alimtazama mkewe, akamtazama mama yake. Akamtazama kuanzia juu kushuka chini, jasho, muwa, jaketi, mpaka kwenye miguu. Miguu haikuwa imevimba. Alisimama muda mrefu akiitazama miguu hiyo iliyomfundisha yeye kutembea, faili likamlegea mkononi. Kisha kitu kikamtekenya upande wa mdomo. Akajaribu kukizuia, akashindwa.

"Nisiishie kabla ya hapo, nisizidi hapo," akasema, na kicheko kikamtoka puani. "Mungu wangu! Lingevuka daraja, mama?"

"Ningekwenda mpaka Kampala," akasema Bibi Koku. "Ahadi ni ahadi."

Hapo hata mlinzi alishika kizuizi kwa kucheka. Malori ya nyuma yalianza kupiga honi yakitaka njia, Oluoch akafungua kamba yake haraka, lakini kabla ya kupanda alimletea Bibi Koku taulo moja ya kijani, kavu, yenye harufu ya sabuni. "Jifute jasho, mathe. Kaa nayo. Nikirudi nitaikuta kwako. Wewe si una nyumba isiyohama?"

Callistus alitaka kuita bodaboda ya kumrudisha. Mama akakataa, akasema bado hajamaliza matembezi yake. Basi wakarudi kwa miguu watatu. Walipofika kwa wauza miwa Callistus alifungua tai. Kwenye duka la spea alivua koti. Kwa Syprose alishika nguzo ya kibanda, akaomba maji kwanza, na Syprose akamwambia mbele ya wateja wote, "Kumbe aliyestahili kuzunguka tangi ni wewe!" Alivushwa kwa upawa kama wengine.

Mlangoni mwa nyumba, akipumua kwa shida, Callistus alisema, "Sawa, mama. Njia ni yako. Lakini kesho tafuta kitu chenye msingi. Mnara wa simu, pale mbele ya njia panda. Huo umejengwa kwa zege."

"Uko mbali kuliko lori," akasema Bibi Koku.

"Najua," akasema Callistus. "Na Jumamosi ninakuja na wewe. Unisubiri."

Asubuhi ya siku ya nane Bibi Koku alitoka getini na taulo ya kijani shingoni. Foleni ilikuwa imejaa tena, malori mapya, nyuso mpya, thelathini na tisa leo. Akaanza kuwaamkia mmoja mmoja. Mahali pale pale pa Oluoch, penye kigoda ambacho mtu mwema alikuwa amekwisha kukitoa topeni na kukiosha, dereva mmoja kijana alikuwa akifunga kamba kwenye komeo za lori lake, ndoo ya nguo mbichi miguuni.

Bibi Koku akasimama. Akamtazama kwa huruma, akatoa punje mbili za kahawa.

"Anika, baba, anika," alimwambia. "Lakini ukihama, uage."